Kutoka Kitini Mpaka Chooni: Maisha ya Symphorien Badibanga

Mapadri wetu, wakubwa wa mtaa, wenzake marehemu wa kazi na wa fanfare, ile bendi ya ngoma na tarumbeta, majirani, na ninyi nyote mliokaa na familia chini ya hema hili tangu Alhamisi, desturi yetu sisi watu wa Kasai tuliozaliwa hapa Likasi inataka historia ya marehemu isomwe na mdogo wake wa damu, na mdogo wake yupo, mnamwona ameketi pale mbele, miwani tayari mfukoni, lakini mjane, mama Germaine Ngalula, amekataa. Amesema mbele ya ukoo wote kwamba Adolphe ameshafanya vya kutosha mahali pa kaka yake, na hiki hatakifanya, kwa hiyo anasoma Lambert, yaani mimi, kaka wa mjane, mtu wa upande wa ukwe. Jambo hilo limewachoma wengine moyo tangu asubuhi, na liwachome.

Mjane ameagiza pia historia hii isipakwe mafuta. Kwenye vilio vya siku hizi kila marehemu anageuka kuwa malaika na kila ndugu anageuka kuwa nguzo, tunasoma, tunalia, tunakula, tunarudi nyumbani, na ukweli unazikwa pamoja na mtu. Mama Germaine anaona kinyaa, marehemu mwenyewe alikufa akiwa na kinyaa hicho hicho, na leo kitasomwa pamoja na tarehe.

Marehemu Symphorien Badibanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Likasi, wakati mji ukiitwa bado Jadotville, katika kambi ya wafanyakazi, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Albert Badibanga, aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mama Gertrude Mbombo, wote wawili wametangulia mbele za Mungu. Tumbo hilo lilizaa watoto saba, wa mwisho wao akiwa Adolphe, aliyezaliwa mwaka wa 1963, na kati ya hao saba leo amebaki Adolphe peke yake.

Alianza shule ya msingi Septemba 1959 kwa mapadri, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa mbaya, mbaya kabisa, frère, bruda wa misheni aliyefundisha kuimba, alimtoa kwenye kwaya akampa ngoma, akamwambia apige na afunge mdomo, na tangu siku hiyo mtoto huyo hakutembea tena hivihivi, alitembea kwa mapigo. Mwaka wa 1966 aliingia shule ya ufundi, akasoma umeme, akapata diploma yake tarehe 30 Juni 1972, na katika miaka ya mwisho ya masomo hayo, kila sikukuu, ngoma kubwa ya fanfare ya shule ilipotoka nyumbani kwenda uwanjani, haikubebwa na yeye, ilibebwa kichwani na Adolphe, maana kwetu mkubwa habebi mzigo mdogo wake akiwepo. Adolphe alikuwa mdogo kuliko ngoma yenyewe, watu wakiona ngoma ina miguu wanacheka, lakini ukijaribu kumpokea analia. Mshike neno hili, litarudi.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa kama fundi umeme katika kiwanda cha shaba, mwaka wa 1974 akaingia fanfare ya wafanyakazi, na toka hapo hadi kampuni ilipolegea hakuna gwaride lililopita katika mji huu bila yeye kuwa safu ya kwanza, tumbo ndani, kifua nje, akishika hatua ya watu wote waliomfuata nyuma. Kati ya mwaka wa 1981 na 1987 alitumwa Mwadingusha, kwenye bwawa la Lufira, akiangalia mashine za umeme, na wenzake waliopo hapa wanajua kwamba hata kule, ambako hakukuwa na fanfare, alizoea kupiga hatua yake juu ya bati la sakafu ya mashine, mkubwa wa kazi akikasirika.

Alimwoa mama Germaine Ngalula kwa desturi tarehe 12 Agosti 1978, na kanisani tarehe 29 Desemba 1979, hapa hapa parokiani. Mungu aliwapa watoto sita, wawili akawachukua wakiwa wachanga, wamebaki Danielle, ambaye anakaa Lubumbashi, Papy, anayeendesha kamyo ya mizigo huko Kakanda na ambaye mke wake anaitwa kwa jina Mimi, kisha Cathy na Dodo.

Kuhusu miaka ya 1992 na 1993, wakati wa yale matatizo ambayo wote mnayajua, sisi watu wa Kasai tukifukuzwa hapa, na ambayo leo si siku yake, itoshe kusema kwamba marehemu alilala na familia yake kituoni, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo hakuwahi kuiona hata siku moja, na kwamba Adolphe alishikwa na tumbo la kuhara hapo kituoni, akaishiwa nguvu, akawa ngozi na mifupa, mtu mzima wa miaka thelathini asiyeweza kusimama. Symphorien alimbeba mgongoni, alimpeleka porini kujisaidia na kumrudisha, alimwosha kwa mikono yake, mbele ya watu, bila kugeuza uso, na treni ilipokuja alimpandisha kwa kumsukuma kupitia dirishani. Adolphe anaishi kwa sababu hiyo. Mama Germaine hajasahau, na ndiyo maana hasira yake ni kubwa zaidi.

Walirudi Likasi mwaka wa 1998, wakaanza upya katika lupango hili mnamokaa sasa, nyumba mbele, choo nyuma karibu na ukuta, na marehemu akafanya kazi ya kurekebisha umeme kwenye nyumba za watu na kwenye shule za misheni kule Mulungwishi, hadi alipopumzika na kazi mwaka wa 2016.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Mwaka wa 2018 mkono wake wa kuume ulianza kutetemeka wenyewe, akiwa ameupumzisha juu ya goti, na hapo kila mwenye mdomo alitoa diploma yake ya udaktari. Wengine walisema ni umeme wa Mwadingusha uliobaki mwilini, kwamba ulimwingia polepole kwa miaka sita na sasa unatafuta pa kutokea, na kuna mtu, yupo hapa leo, aliyemshauri atembee bila viatu ili umeme ushuke ardhini, naye Symphorien, fundi umeme mzima, mwenye diploma, akatembea bila viatu majuma kadhaa. Mama Germaine alipomwuliza kama hiyo ndiyo elimu aliyosomea, alijibu kwamba mtu akiogopa anaamini hata ujinga wa kazi yake mwenyewe. Tarehe 9 Novemba 2021, Danielle alimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu kule Lubumbashi, naye akasema jina la ugonjwa, Parkinson, ugonjwa ambao haurogwi, hauambukizwi, hauponi, unamkaza mtu polepole, miguu, mikono, sauti, hadi uso.

Uso, ndugu zangu. Ugonjwa huu unaukaza uso mpaka mtu akicheka ndani, nje hakuna kitu, akilia ndani, nje hakuna kitu, na sauti inashuka mpaka mtu unatega sikio kinywani mwake. Daktari aliifahamisha familia nzima, alirudia mara mbili kwa Kifaransa na Danielle akarudia kwa Kiswahili, na familia nzima iliitikia kwa kichwa, kama kawaida yetu, tunaitikia kwanza, kusikia baadaye.

Mwezi wa Oktoba 2023, mama Aimée, mganga wa viungo, wale tunaowaita kiné, alileta katika nyumba hii telefone yenye programu ya mazoezi kwa wagonjwa wa namna hiyo, maana daktari yuko Lubumbashi, Aimée ana wagonjwa hadi porini, na vidonge peke yake havitoshi, mwili usipotumwa kila siku unalala. Telefone ilikaa kiunoni katika mkoba mdogo, asubuhi sauti ya Kifaransa inamwambia simama, kisha inapiga mapigo, ta, ta, ta, naye anakanyaga juu ya pigo, anainua goti, anatupa mikono mbali, baadaye anagongagonga kioo kwa vidole viwili, anavuta sauti ndefu ya aaa kwa nguvu zote, na telefone inapima yote hayo na kuyatuma kwa daktari na kwa Aimée, mstari wa kijani kama mtu anaendelea vizuri, mwekundu kama anarudi nyuma. Si uchawi, si roho, ni mapigo. Mguu uliogandishwa na ugonjwa huu ukisikia pigo unakumbuka kazi yake, na kwa mpiga ngoma wa fanfare ilikuwa kama kurudishwa nyumbani, Germaine alimwona siku ya kwanza akivuka ule mlango wa jikoni uliokuwa ukimgandisha kila siku, akauvuka kwa hatua ya gwaride.

Programu hiyo inataka kila mgonjwa achague lengo lake. Aimée alisema wengine wanachagua kufika kanisani, wengine kucheza na wajukuu, baba Symphorien anachagua nini, na marehemu alifikiri, akasema kwa ile sauti ndogo, “Niandikie choo. Nifike ku choo minye mwenyewe, nirudie minye mwenyewe, basi.” Aimée alicheka, akadhani ni utani. Haukuwa utani hata kidogo, mtu aliyemwosha mdogo wake kituoni alijua vizuri kuoshwa ni nini, aliogopa siku ambayo mtu mwingine atamfungulia suruali kuliko alivyoogopa kaburi, na mke wake alilijua hilo, akamwahidi kwamba siku hiyo haitafika.

Miezi mitano ya kwanza ilikwenda vizuri, Germaine mwenyewe akimsimamia asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Lakini mwezi wa Machi 2024 habari ilikuja kutoka Mbuji-Mayi kwamba mama yetu mzazi, mama wa Germaine, ameanguka, na hakuna binti mwingine, ilibidi aende, akamwuguza hadi akamzika, na kwa sababu ya treni zetu ambazo mnazijua alikaa huko hadi mwisho wa Agosti. Alimwacha mume wake mikononi mwa Adolphe. Alimfundisha jinsi ya kufunga mkoba, jinsi ya kuwasha, alimwambia amshike nyuma ya mkanda, asimvute, amwache atembee, na Adolphe aliapa kwa jina la mama yake Gertrude.

Hakumaliza hata majuma mawili. Ukoo wa mume ulikutana katika lupango hili, wakubwa wa ukoo, wengine wenu mmekaa hapa mmevaa nyeusi, mkasema ni aibu, kwamba mtoto wa kwanza wa mzee Albert anarukishwa lupangoni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, kwamba wanawake wanaoteka maji kwenye bomba wanamcheka, kwamba mgonjwa mwenye watu anapumzishwa, na mlisema neno ambalo Germaine ameomba lisomwe kama lilivyosemwa, “Mukubwa hawezi kutumwa na telefone.” Mlimwuliza marehemu kama anakubali. Yeye alisema hapana. Alisema hapana zaidi ya mara moja, alimweleza Germaine baadaye, alilisukuma neno lile kwa nguvu zote alizokuwa nazo, lakini sauti haikufika hata kwenye kiti cha jirani, na uso wake, ule uso ambao daktari alikwisha kuwaambia, haukuonyesha kitu, ninyi mkasema mzee amenyamaza, mzee amekubali, mkaagiza kinywaji.

Basi mkatafuta namna ya kumheshimu kaka bila kumkasirisha daktari, na namna mliyopata, mtu akiambiwa hataamini, ni hii, mlisema kidole kimoja hakiui chawa, kazi ya mkubwa inafanywa na mdogo, na Adolphe akafunga telefone kiunoni mwake. Ndiyo, ndugu waombolezaji, mmesikia vizuri. Asubuhi sauti ilimwambia Symphorien asimame, akasimama Adolphe, mapigo yalilia, akatembea Adolphe, alipita barabara yote hadi kwenye bomba na kurudi, kifua mbele, mikono ikirushwa mbali, majirani wakimpigia makofi. Aligongagonga kioo yeye, alivuta ile sauti ya aaa yeye, naye sauti anayo, mnamjua. Na siku moja ile telefone ilimwambia kwa Kifaransa, bravo, lengo limefikiwa, ikimpongeza mtu mwenye afya kama ng'ombe kwa kufika chooni.

Adolphe hakufanya hivyo kwa ubaya, na hapo ndipo kinyaa kinapozidi, maana mbaya unamfukuza, lakini huyu unamfanyia nini? Alifanya kwa mapenzi, aliwaambia wote, akimwita kaka yake Yaya kama tunavyomwita mkubwa kwetu, “Yaya alinibebaka ku mugongo, sasa minye njo nitatembea pa nafasi yake,” akaona analipa fadhila ya kituoni, akaona anabeba tena ile ngoma kichwani kama zamani. Na ukoo ulimsifu. Kule Lubumbashi daktari aliona mstari wa kijani unapanda, akafurahi, akasema vidonge vinatosha, akasogeza mbele siku ya kuonana, Aimée naye, mwenye wagonjwa wengi na miguu miwili, alikwenda kwanza kwa wenye mistari myekundu, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na Danielle alipiga telefone Mbuji-Mayi akimwimbia mama yake kwamba baba anaendelea kupita wagonjwa wote.

Wakati huo baba alikuwa kitini. Alikaa kiti hicho hicho toka asubuhi hadi jioni, mbele ya nyumba, ameelekezwa barabarani aone mdogo wake anavyotembea mahali pake, na mwili ukakaza, magoti yakafunga, kidevu kikashuka kifuani, mate yakaanza kumtiririka. Kufika mwezi wa Juni hakuweza kuinuka peke yake, na ilikuwa lazima mtu amsaidie na amwoshe. Papy yuko Kakanda na kamyo, Cathy na Dodo wako kwa waume zao, wanaume wa ukoo, wenye heshima zao, kila mmoja ana shughuli, Adolphe yuko barabarani anafanya mazoezi. Nani alimwosha? Alimwosha Mimi, mke wa Papy. Mke wa mtoto. Kwetu mke wa mtoto wako hakuoni uchi, hata ukifa hakuoshi, kila mmoja hapa anajua hilo kabla ya kujua kusali, na huyo binti, ambaye hakuwa na wa kumwita, alimwosha baba mkwe wake huku amegeuza kichwa ukutani, akilia, naye mzee amefunga macho. Wakubwa wa ukoo, mlioona aibu mzee kuinua magoti, hiyo hamkuiona? Ilikuwa nyuma ya nyumba, labda ndiyo sababu. Heshima ya mbele ya nyumba tu, nyuma uchafu. Pfu!

Mama Germaine alirudi Jumamosi tarehe 31 Agosti 2024. Kabla ya kupanda treni alituma neno kwamba hataki zawadi, hataki kuku, anataka mume wake amngojee kituoni amesimama kwa miguu yake, kwenye kituo kile kile walikolala mwaka wa 1993, kwa kuwa telefone inasema anaweza. Alishuka na mizigo yake, na katika kelele za watu wote akasikia ta, ta, ta, nyuma yake, akatambua, akageuka mikono wazi kumkumbatia mume wake, na mbele yake alikuwa Adolphe, mkoba kiunoni, anatabasamu, akamwambia, “Karibu, mama, nilikuya pa nafasi yake.”

Germaine ametuambia kwamba mwanzoni hakuelewa. Aliuliza mume wangu yuko wapi, akajibiwa yuko nyumbani anapumzika, akauliza basi nani anatembea na hii telefone, na Adolphe, bila aibu, kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha kazi ya shule, akaeleza yote, miezi yote. Dada yetu aliweka mizigo chini. Alimtazama huyu mtu mwenye mvi, akamwuliza kwa sauti iliyosikika kwenye treni nzima, “Na ku choo, Adolphe, unaendaka pia pa nafasi yake?” Kisha akatapika. Alitapika kweli, hapo hapo kituoni, watu wakadhani ni safari.

Nyumbani alimkuta kitini, suruali imelowa. Aliinama, akaweka sikio kinywani mwake, na neno la kwanza alilosikia kutoka kwa mume wake baada ya miezi hiyo yote lilikuwa, “Nilikataa.” Hilo tu. Nilikataa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini huyu hakuficha kitu, alisema wazi, aliyeficha ni ukoo.

Yaliyofuata ni kazi ya dada yetu, na tunaisema kwa fahari. Alifungua mkoba kiunoni mwa Adolphe mwenyewe, akampigia Aimée siku hiyo hiyo, Aimée akaja akalia, kisha akaacha kulia akakunja mikono ya nguo, daktari akaambiwa ukweli, akabadilisha vidonge, naye aliomba radhi, ingawa si yeye aliyepaswa kuwa wa kwanza kuiomba. Walianza upya kutoka chini kuliko chini, kwanza kuinuka kitini, juma baada ya juma, kwanza goti moja, kwanza mkono. Na Germaine alikataa kumfanyisha mazoezi nyuma ya nyumba, alimtoa barabarani, mbele ya bomba la maji, saa ambazo watu ni wengi, mapigo yakilia kiunoni, yeye mwenyewe pembeni akipiga makofi pamoja nayo, na wanawake walipocheka aliwaambia wacheke kwa mapigo basi, wasiharibu hatua. Wiki chache baadaye wale wanawake ndio waliopiga makofi, Germaine akiwa sokoni, wakimhesabia moja, mbili, moja, mbili. Ukoo ulikuja kulalamika kwamba mke anamtesa mzee. Safari hii marehemu alikuwa amefundishwa na ile telefone kuvuta sauti kutoka tumboni, akawaambia neno moja, “Tokeni,” na wote mlilisikia, mkatoka.

Tarehe 8 Desemba 2024, siku ya Jumapili, baada ya misa, Symphorien Badibanga aliinuka kitini peke yake, akavuka mlango wa jikoni, akaganda kidogo, akangoja pigo, akaushika, akapita jiko la makaa, akapita kamba ya nguo, akafika chooni, akafunga mlango, mlango ukakaa umefungwa muda wa kutosha mtu kufanya alichoendea, ukafunguka, naye akarudi. Germaine alisimama jikoni amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Telefone ikasema bravo, lengo limefikiwa, na marehemu akainama akaiambia kiunoni, “Sasa njo kweli. Ile ya kwanza ilikuwa bongo, uongo mutupu.” Kesho yake alimwita Mimi, akamkabidhi kuku mweupe mkononi, kama inavyotakiwa kwetu aibu inapopita kati ya mkwe na mkwe, na toka siku hiyo waliweza tena kutazamana.

Alifika chooni kwa miguu yake hadi mwisho wa mwezi wa Mei mwaka huu. Si kila siku vizuri, zilikuwepo siku za kuganda, zilikuwepo siku za kuanguka, na miezi ile aliyokaa kitini haikurudishwa na mtu, daktari alisema wazi kwamba mwili uliokazwa hivyo hauachii vyote ulivyochukua, mapafu yalikuwa yamezoea kulala. Tarehe 27 Mei 2025 kikohozi kilimshika, tarehe 2 Juni alilazwa, na Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa nne za asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama Germaine, alikata roho, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Anaacha mjane, watoto wanne, wajukuu na ngoma moja.

Tunamshukuru daktari wa Lubumbashi, tunamshukuru mama Aimée ambaye tangu siku ile hakuna mstari wa kijani anaouamini bila kuja kumwona mwenye miguu, tunawashukuru waganga na wauguzi waliomlaza, wenzake wa kiwanda na wa Mwadingusha, wazee wa fanfare waliokuja na vyombo vyao ingawa vingine havilii tena, wanawake wa bomba la maji, majirani waliotoa viti na masufuria, na Mimi, Mimi asimame mumwone, huyu binti alibeba aibu yenu. Ukoo wa mume haushukuriwi leo, mjane ameagiza hivyo, na nyie mliosema hapa tangu Alhamisi kwamba mlimtumikia hadi mwisho, mmesikia historia yake.

Limebaki jambo moja. Siku tatu kabla ya kufa marehemu alimwambia mke wake nani atashika jeneza mbele, upande wa kuume, na Germaine alikataa, walibishana hapo kitandani, yeye hana pumzi, mke ana hasira, na akarudia kwa ile sauti ya tumboni mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Mjane hajasamehe, ameomba tuliseme wazi, bado anageuza uso akisikia mtu anatembea kwa mapigo. Lakini safari hii mzee alisema, na safari hii alisikiwa, kwa hiyo neno lake litafanywa. Adolphe, inuka. Weka miwani vizuri, uje mbele, upande wa kuume. Kaka yako sasa hana miguu kweli, leo ndiyo siku yenyewe ya kumbeba, mbebe, na fanfare itakupa hatua.

Na wewe, Symphorien, walitembea mahali pako bila wewe kutaka, walikusemea, walikukubalia, lakini kazi hii iliyobaki hakuna mdogo, hakuna ukoo, hakuna telefone itakayokufanyia. Pumzika wewe mwenyewe, kwa amani.